Kiti cha Kunguru wa Shaba

Watu wa leo hukusanya majarida ya zamani ya katuni, wakayatia kwenye mifuko ya plastiki, wakayahifadhi kama mayai. Muulize mmoja wao majina ya mashujaa wa Baraza la Alfajiri, atakutajia wote sita, na nguvu zao, na rangi za majoho yao. Muulize nani aliwachora, atakodoa macho. Anshel Kravetz aliwajua wote waliowachora, kwa sababu kila ukurasa waliouchora ulipitia kwake kabla ya kwenda kwa mpiga chapa. Kazi yake ilikuwa kuandika maneno.

Karakana ilikuwa orofa ya saba, upande wa magharibi wa Manhattan, juu ya kiwanda cha manyoya ya kofia. Lifti ilipofunguliwa manyoya yaliingia nayo, yakatua kwenye wino mbichi, na mtu akatukana kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi, au kwa Kitaliano kutegemea ukurasa ulikuwa wa nani. Meza saba, madirisha matatu, feni moja. Anshel alikaa karibu na mlango, nibu zake zimepangwa juu ya kitambaa, akipiga mistari myembamba kwa penseli, kisha akijaza maputo ya maneno kwa herufi zilizosimama sawasawa kama watoto wa shule. Mtu akiona ngumi ya shujaa hatazami herufi. Anshel alilijua hilo na hakulalamika. Alisema herufi nzuri ni kama mlango mzuri: unapita bila kuugusa.

Ilikuwapo desturi pale ambayo haipo tena popote. Kila shujaa alikuwa na mchoraji wake mmoja, na mchoraji huyo hakumchora mwingine. Katikati ya jarida kila shujaa alikuwa na sura yake ya hadithi, akipigana peke yake. Lakini ukurasa wa kwanza, mashujaa wote sita walikaa kuizunguka meza ya duara, na ukurasa huo ulichorwa na watu sita. Karatasi ilitembea kutoka meza hadi meza. Kila mtu alimkalisha mtu wake kwenye kiti chake, akaipitisha mbele. Kiti cha mtu hakiguswi. Hata mtu akiumwa homa ya siku nne, karatasi ilimngoja, na mpiga chapa akapiga simu mpaka akachoka. Siku hizi mtu mmoja hukaa nyumbani kwake peke yake, akachora dunia nzima, akaweka saini kubwa kuliko shujaa mwenyewe. Mwache.

Kiti cha tatu kilikuwa cha Kunguru wa Shaba, na Kunguru alikuwa wa Izzy Tabachnik.

Izzy alikuwa kijana wa mtaa wa Brownsville, miaka ishirini na miwili, amevaa koti la marehemu baba yake lililomzidi mabega. Alikuwa akila samaki wa chumvi mezani huku akichora, akajifuta kwenye suruali.

"Kunguru wako ananuka," Sal Iacobucci, mchoraji wa Daktari Radi, alimwambia. "Watoto wa Ohio watafungua jarida, paka wote wa mtaa waje."

"Wako hanuki kitu," Izzy akamjibu. "Hata jasho hana. Anapigana na Wanazi kumi na nne, anatoka amechana nywele."

"Ni daktari. Daktari huchana nywele."

"Anshel, wewe uamue."

"Mimi nawaandikia tu wanachosema," Anshel alisema bila kuinua kichwa. "Na wote wawili wanasema upuuzi."

Lakini Anshel alikuwa na upande wake. Sal na wenzake walikuwa mafundi. Walichora haraka na safi. Izzy alichora mtu mzito. Kunguru wake akiruka kutoka paa moja hadi jingine, ulimwonea huruma kwa magoti yake. Akikaa kwenye meza ya duara, alikaa kama mtu aliyetoka kazini. Anshel alikuwa akilichora puto lake mwisho kabisa, akilisogeza pembeni ili lisiufunike hata mkunjo mmoja wa joho.

Machi ya mwaka arobaini na tatu Izzy aliitwa jeshini. Walimnunulia chupa, wakamnywea, na Anshel akamsindikiza hadi kwenye lifti.

"Niwekee kiti," Izzy alisema.

"Nenda zako. Kiti kina miguu minne lakini hakiendi popote."

Bwana Fenster, mwenye karakana, alimleta mtu mpya wiki hiyo hiyo. Alikuwa kijana mstaarabu, hana baya. Akamchora Kunguru ana meno ya mwigizaji wa sinema, amekaa kwenye kiti cha tatu kama anapigwa picha ya harusi. Karatasi ilipofika kwa Anshel aliitazama mpaka chai yake ikapoa. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na Anshel aliona neno hilo likitimia mbele ya macho yake, kwa wino.

Kabatini mwa nyuma kulikuwa na bunda la kurasa kumi na nane za Izzy, sura zake tatu za mwisho, ambazo zilikuwa hazijatupwa. Za kabla ya hapo zilikwisha kwenda zamani. Wakati huo hakuna aliyetunza kurasa zenyewe baada ya kupigwa chapa; zilikuwa kama maganda ya viazi. Anshel alilifungua bunda, akatafuta Kunguru aliyekaa, akampata amekaa ukingoni mwa paa. Akachukua wembe. Akamkata taratibu, kidole kwa kidole, akampaka gundi mgongoni, akambandika kwenye kiti cha tatu juu ya yule mwenye meno. Kisha akapaka rangi nyeupe kwenye kingo ili mkato usionekane.

Bwana Fenster aliuinua ukurasa kwenye mwanga.

"Nani kamchora huyu?"

"Izzy."

"Izzy yuko kambini Georgia anachimba mahandaki."

"Nimembandika. Ni wa zamani."

Fenster alitabasamu kama mtu aliyeokota pochi. Ijumaa ile mtu mpya aliambiwa asirudi. Sura ya Kunguru ikapunguzwa ikawa kurasa mbili, na Anshel akaambiwa aijaze kwa wembe na gundi kila mwezi, kwa mshahara ule ule. Vita vya panzi, neema ya kunguru. Hapa kunguru ndiye aliyeliwa. Anshel hakuliona hivyo. Yeye aliona kwamba kila mwezi, mashujaa wakikutana, kiti cha tatu kina mtu wake, kwa mkono wa mwenyewe. Alimwandikia Izzy: "Umekaa. Hujakosa mkutano hata mmoja." Izzy hakuwa mtu wa barua. Alijibu mara mbili, mistari minne minne, kulalamikia viatu.

Mwaka ule ule nchi ilikuwa ikikusanya karatasi chakavu kwa ajili ya vita, na jalada la nyuma la kila jarida lilikuwa na mashujaa sita wanamnyooshea mtoto kidole. Maneno yake aliyaandika Anshel, kwa herufi kubwa kuliko zote alizowahi kuandika: KARATASI YAKO INAMLINDA MWANAJESHI WAKO. Watoto walitii. Walifunga majarida kwa kamba, wakayapeleka shuleni kwa mikokoteni, pamoja na yale yenye maneno hayo. Bwana Fenster naye hakutaka kushindwa na watoto. Kila mwezi, jarida likishapigwa chapa, kurasa zenyewe ziliteremshwa kwa lifti, zikapakiwa kwenye lori pamoja na makopo. Ukurasa wa meza ya duara ulikwenda nazo, na Kunguru amebandikwa juu yake.

Mama yake Izzy alikuja Julai mwaka wa arobaini na nne. Lifti ilifunguka, wakatoka manyoya mawili na mwanamke mfupi mwenye kofia nyeusi, ameshika mkoba kwa mikono yote miwili. Kiingereza chake kilikuwa cha sokoni. Anshel alimsemesha Kiyidi, na uso wake ukalegea kidogo.

"Mimi ni Frume Tabachnik. Wewe ndiye Anshel wa herufi?"

"Ndiye mimi, Bi Frume. Izzy hajambo?"

"Hawakuwaambia."

Izzy alikuwa ameuawa Italia, mwishoni mwa Januari. Telegramu ilifika Brownsville Februari. Bi Frume aliomboleza siku saba za desturi yao, akakaa mwezi, na mingine ikamfuata, na haikumjia kwamba kuna watu katika orofa ya saba ambao nao wanastahili kuambiwa. Sal aliizima feni ili amsikie vizuri. Kisha Anshel akamtafsiria kwa maneno mawili, akabaki amesimama karibu nayo.

"Sikuja kuwaliza," Bi Frume alisema. "Mwanangu, nina jambo moja. Mwili hawakunipa, wameuzika huko huko. Nguo zake zilikuja, za serikali. Nyumbani sina kitu alichokifanya kwa mkono wake. Alikuwa akichora humu miaka miwili. Nipe karatasi moja. Siyo ile ya dukani, ile imepigwa na mashine. Ninataka aliyoishika yeye."

"Utapata," Anshel alisema. "Jumapili nitakuletea mwenyewe."

Alisema hivyo akiliona bunda kabatini akilini mwake, nene vile vile kama siku alipolifungua. Mtu anayekata kidogo kidogo hajui amekata kiasi gani. Bi Frume alipoondoka akalitoa. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na matundu manne yenye umbo la mtu. Wa pili, matano. Alipeleka mikono haraka zaidi na zaidi mpaka chini kabisa. Kurasa zote kumi na nane alikuwa amezitoboa. Yamebaki mapaa, mabomba ya maji, mwezi, majambazi wameinua bastola kumwelekea asiyekuwapo. Wa mwisho uliokuwa mzima aliukata majuma matatu nyuma, akitafuta Kunguru anayetazama kushoto.

"Na wale uliowakata?" Sal aliuliza, ingawa alijua.

"Wamekwenda na lori."

"Wote?"

"Mwezi hadi mwezi, Sal. Nimempeleka mwenyewe."

Sal alikaa. Akavuta karatasi mpya nene, akaipindapinda pembe ili ionekane imechoka. "Nitamchora mimi," alisema. "Nilikaa naye meza kwa meza miaka miwili. Nitamchora mpaka Izzy mwenyewe aulize aliichora lini."

"Kiti cha mtu hakiguswi."

"Anshel, yule ni mama. Huu siyo ukurasa wa meza."

Akamchora. Alichukua saa mbili, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Sal Iacobucci alichora mtu mzito. Kunguru alisimama chini ya taa ya mtaa, ameinamisha mabega, joho limemlemea. Wenzake walikuja mmoja mmoja wakatazama, wakarudi kwenye meza zao. Anshel akaandika puto moja dogo. Mkono wake ulikuwa na haki ya kuwa pale, angalau huo.

Jumapili alipanda treni hadi Brownsville. Ndani ya bahasha kubwa aliweka ukurasa wa Sal, na nyuma yake, hakujua kwa nini, akaweka mmoja wa zile zenye matundu.

Bi Frume alikuwa amevaa nguo nzuri. Alikuwa ametandika kitambaa cheupe jikoni, ameweka mkate mweusi na jibini na glasi mbili za chai. Ukutani palikuwa na msumari mpya, haujatundikwa kitu. Anshel aliuona kabla hajakaa.

Akautoa ukurasa wa Sal. Bi Frume alinawa mikono, akaikausha vizuri, ndipo akaugusa. Alimtazama Kunguru kutoka kofia hadi viatu.

"Amechoka, huyu."

"Ndivyo alivyomchora daima."

"Hapa kaandika nini?"

"Anasema, 'Nimekuja kwa miguu.'"

"Kwa miguu," Bi Frume alirudia. "Alikuwa hana nauli, nyakati zile. Alikuwa akitembea kutoka darajani." Akacheka kidogo, akafuta macho kwa kiwiko ili asiloweshe karatasi. "Ngoja nimwite Gitl hapo ng'ambo aje aone. Kila siku ananiuliza mwanao alikuwa akifanya kazi gani hasa. Aje auone mkono wake."

Alikuwa ameshafika mlangoni, mkono kwenye kitasa.

"Bi Frume, usimwite."

"Kwa nini?"

"Siyo mkono wake."

Mwanamke yule alirudi, akakaa. Anshel alimweleza yote, kwa mpangilio, kama mtu anayesoma kwa sauti: kiti, mtu mwenye meno, wembe, gundi, lori. Alipofika mwisho akautoa ukurasa wa pili, akauweka juu ya kitambaa. Weupe wa kitambaa ukaonekana mahali pa Kunguru mara nne.

"Hii ndiyo yake," alisema. "Kilichobaki. Mapaa aliyachora yeye, na mwezi. Hawa wenye bastola pia ni yeye."

Bi Frume hakuigusa. "Umemkata mwanangu?"

"Nilikuwa namwekea kiti."

"Kwa muda gani?"

"Miezi kumi na sita."

Alihesabu kwa vidole, midomo ikitikisika. Alipokoma kuhesabu, alikuwa kwenye kidole cha sita. "Januari alikufa. Kwa hiyo miezi sita alikuwa maiti na wewe unamkalisha na wenzake."

"Sikujua, Bi Frume."

"Najua hukujua. Miezi sita. Kwangu mimi hakurudi hata siku moja." Akaisogeza glasi ya chai upande wake, akaishika bila kunywa. "Alipokuwa mdogo alichora kwenye karatasi za kufungia samaki. Kila siku. Zilijaa nyumba nzima. Baridi ya mwaka wa thelathini na mbili makaa yalikuwa ghali. Nilizishika zote, nikawashia jiko. Alisimama pale ulipo, akaniambia mama, si neno, nitachora nyingine." "Mimi nilichoma, wewe umekata. Atakuja nani kutulaumu?"

Nje, mtu alikuwa akimwita mtu mwingine ateremke.

"Hii ya Mtaliano mrudishie," Bi Frume alisema hatimaye. "Mwambie ni fundi. Mwambie nimeshukuru, usimwambie nimejua."

"Na hii nyingine?"

Aliitazama kwa mara ya kwanza, ile yenye matundu, akapitisha kidole juu ya mwezi tu.

"Ichukue nayo. Ukutani siwezi kutundika. Kila nikipita nitakuwa namtafuta." Akamkatia kipande cha mkate. "Kula. Umetoka mbali."

Akala. Alipoondoka, Bi Frume alimsindikiza hadi ngazini, akamshika mkono, akamwambia asirudi kwa muda, kisha baadaye arudi. Hakumwambia baadaye ni lini, na Anshel hakupata kujua, maana ujasiri wa kuipanda ngazi ile ulimwia mgumu mwaka ule, na mwaka uliofuata zaidi, na wa tatu akasikia kwamba Bi Frume amehamia kwa dada yake, Philadelphia.

Jumatatu ukurasa wa meza ya duara ulimfikia. Mashujaa watano walikuwa wamekaa. Kiti cha tatu kilikuwa kitupu, kwa sababu wote walijua kinajazwa na nani na kwa nini. Anshel aliufunga wembe wake ndani ya kitambaa, akamsubiri Bwana Fenster apite.

"Kunguru yuko wapi?"

"Amekufa, Bwana Fenster."

"Nimesikia habari za kijana. Nimemtumia mama yake maua." Kweli alituma. "Nakuuliza Kunguru."

"Na mimi nakujibu. Sina tena pa kumkata."

Fenster alikitazama kile kiti kwa muda mrefu kuliko Anshel alivyotarajia. Hakuwa mtu mbaya sana. Alikuwa na siku ya kupeleka kazi kwa mpiga chapa. "Sal," aliita, "weka mtu mwingine pale. Mpya. Mpe mabawa, watoto wanapenda mabawa. Na Anshel, andika wanamkaribisha. Wasitaje Kunguru, wasije wakauliza maswali."

Sal alikataa hadi saa nane, kisha akamchora, kwa sababu alikuwa na watoto wawili na mama mkwe. Shujaa mpya alikaa kwenye kiti cha tatu, kifua mbele, mabawa yamekunjwa. Hakuchoka hata kidogo. Karatasi ikaja kwa Anshel na kijikaratasi chenye maneno ambayo Daktari Radi anapaswa kuyasema.

Mke wa Anshel alikuwa na mimba ya miezi saba. Anshel alipiga mistari yake myembamba kwa penseli. Akachovya nibu, akaandika: KARIBU, NDUGU. KITI HIKI KILIKUWA KIKIKUNGOJA WEWE.

Herufi zilitoka sawasawa. Akaukausha wino, akaufuta mstari wa penseli, akauweka ukurasa kwenye trei ya kwenda kwa mpiga chapa. Jarida lilitoka Septemba. Kwa muda wa mwezi mzima Anshel ndiye aliyefungua gunia la barua za watoto, kazi isiyokuwa yake, akizisoma moja moja mpaka ya mwisho. Walisifu mabawa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza Kunguru alikwenda wapi.